Jean-Paul Sartre: Maisha ya Mwanafalsafa Aliyekataa Visingizio

Utangulizi

Katika mijadala yetu kuhusu riwaya ya Kiswahili, istilahi ya udhanaishi haikosi kutajwa, hasa pale kazi za Euphrase Kezilahabi zinapohusika. Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974) zimesomwa na wahakiki wengi kwa darubini ya falsafa hiyo. Hata hivyo, wengi wetu tumezoea kuuchukulia udhanaishi kuwa falsafa ya kukata tamaa: kwamba maisha hayana maana, binadamu ni mpweke, na mauti ndiyo hatima ya yote. Maelezo hayo yana ukweli fulani, lakini yanaiacha nje nguzo inayoibeba nyumba nzima, nayo ni uhuru wa mtu kuchagua pamoja na wajibu unaoandamana na uhuru huo.

Makala haya yanasimulia maisha ya Jean-Paul Sartre, Mfaransa ambaye jina lake lilifungamana na udhanaishi kuliko jina la mtu mwingine yeyote katika karne ya 20. Sartre alishikilia kwamba mtu hapimwi kwa nia njema alizo nazo moyoni bali kwa yale aliyoyatenda. Kwa hivyo ni haki naye apimwe kwa kipimo hicho hicho. Tutaona kwamba alishinda mara nyingine na kushindwa mara nyingine, na kwamba kushindwa kwake kunatufundisha kiasi kile kile kama kushinda kwake.

Malezi na Elimu

Sartre alizaliwa jijini Paris tarehe 21 Juni 1905. Baba yake, afisa wa jeshi la wanamaji, alifariki mwaka wa 1906 kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Mama yake, Anne-Marie, alitoka katika ukoo wa Schweitzer, na alikuwa binamu ya Albert Schweitzer, yule daktari aliyeanzisha hospitali huko Lambaréné, Gabon. Baada ya kufiwa, mama huyo kijana alirejea kwa wazazi wake, na mtoto akalelewa chini ya mkono wa babu, Charles Schweitzer, mwalimu wa Kijerumani aliyekuwa na maktaba kubwa nyumbani. Humo ndimo mvulana alimokulia. Vitabu vilikuwa wenzake wa kucheza nao kabla hajapata marafiki wa rika lake. Utotoni alipoteza karibu uwezo wote wa kuona kwa jicho la kulia, akabaki na makengeza maisha yake yote.

Mnamo 1917 mama yake aliolewa tena, na familia ikahamia mji wa La Rochelle. Miaka ya huko ilikuwa michungu kwa Sartre. Kijana aliyezoea kutukuzwa na babu yake alijikuta akidhihakiwa na wanafunzi wenzake. Alirejea Paris mwaka wa 1920, na mwaka wa 1924 akajiunga na École Normale Supérieure, chuo kilichowalea wasomi wengi wakuu wa Ufaransa. Mwaka wa 1928 aliufanya mtihani mkuu wa kitaifa wa falsafa na kuanguka. Aliurudia mwaka uliofuata, akashika nafasi ya kwanza. Nafasi ya pili ilichukuliwa na mwanamke wa miaka 21, Simone de Beauvoir.

Kukutana kwa wawili hawa kulizaa uhusiano uliodumu zaidi ya miaka 50. Hawakuoana na hawakuishi katika nyumba moja kama mume na mke. Walikubaliana kwamba pendo lao ndilo la msingi, kwamba kila mmoja yuko huru kupenda kwingine, na kwamba hawatafichana lolote. Kwao hilo lilikuwa jaribio la kuishi pasipo kukubali desturi kwa sababu tu ni desturi. Lakini barua zao zilizochapishwa baada ya Sartre kufa zilionyesha kwamba mapatano hayo yalikuwa na watu wa tatu, wengi wao wanawake vijana, ambao hawakushauriwa wakati sheria zilipotungwa. Baadhi yao waliumia. Hapa tayari tunaliona swali litakalomwandama Sartre hadi mwisho: uhuru wangu unamgharimu nani?

Mwandishi Asiyejali Siasa

Kuanzia 1931 Sartre alifundisha falsafa katika shule ya upili mjini Le Havre. Kati ya 1933 na 1934 aliishi Berlin kwa ajili ya kusoma falsafa ya Edmund Husserl. Hicho ndicho kipindi ambacho Hitler alikuwa amekwisha kutwaa madaraka, lakini mwanafalsafa huyu kijana alizama katika vitabu na hakuyatilia maanani sana yaliyokuwa yakitendeka barabarani. Mtu aliyekuja kuwahimiza waandishi wote wajiingize katika mambo ya wakati wao alianza maisha yake ya utu uzima kama mtazamaji tu.

Mwaka wa 1938 alichapisha riwaya yake ya kwanza, La Nausée, yaani Kichefuchefu. Mhusika wake mkuu, Roquentin, anaishi peke yake katika mji wa bandari na polepole anagundua kwamba hakuna kitu chochote duniani chenye sababu ya lazima ya kuwako. Vitu vipo tu. Ugunduzi huo unamtia kinyaa. Msomaji wa Kichwamaji hataona shida kuitambua hali hii. Mwaka wa 1939 Sartre alitoa Le Mur, mkusanyiko wa hadithi fupi. Laiti maisha yake yangekoma hapo, wale wanaouona udhanaishi kuwa falsafa ya kukata tamaa wangekuwa wamesema kweli.

Vita na Kuzaliwa kwa Falsafa ya Uhuru

Vita vya Pili vya Dunia vilimtoa Sartre kwenye upweke wake. Aliitwa jeshini mnamo Septemba 1939 na kupewa kazi katika kikosi cha kupima hali ya hewa. Tarehe 21 Juni 1940, siku aliyotimiza miaka 35, alitekwa na Wajerumani. Alipelekwa katika kambi ya mateka mjini Trier. Huko, wakati wa Krismasi ya 1940, aliandika na kuigiza pamoja na mateka wenzake tamthilia iitwayo Bariona. Juu ya uso wake ilikuwa hadithi ya kuzaliwa kwa Yesu, lakini ndani yake ilizungumzia watu walio chini ya utawala wa wageni na matumaini yao. Kwa mara ya kwanza mtu huyu aliyezoea kuandikia wasomaji asiowajua aliwaona mbele yake watu ambao maneno yake yaliwagusa pale pale.

Aliachiliwa mwaka wa 1941 akarudi Paris, mji uliokuwa mikononi mwa Wajerumani. Alianzisha pamoja na wenzake kikundi cha siri kilichoitwa Socialisme et Liberté, yaani Ujamaa na Uhuru. Kikundi hicho hakikudumu hata mwaka mmoja. Baada ya hapo Sartre aliurudia ualimu na uandishi. Tamthilia yake Les Mouches ilionyeshwa mwaka wa 1943, na Huis clos mwaka wa 1944, zote kwa idhini ya wakaguzi wa Kijerumani. Wanaomtetea husema kwamba Les Mouches ilikuwa wito wa kupinga uliofichwa ndani ya hadithi ya kale ya Kigiriki. Wanaomlaumu husema kwamba wakati huo huo walimu Wayahudi walikuwa wamefukuzwa kazini na watu wengine walikuwa wakipigwa risasi kwa kusambaza makaratasi. Pande zote mbili zina hoja. Sartre hakuwa msaliti, wala hakuwa shujaa wa vita. Alikuwa mtu aliyechagua njia ya kalamu katika mahali ambapo njia nyingine zilikuwapo.

Katika mwaka huo wa 1943 alichapisha kitabu chake kikubwa cha falsafa, L'Être et le néant, chenye kurasa zaidi ya 700. Kiini chake chaweza kuelezwa kwa mfano wa karibu nasi. Mhunzi anapofua jembe, tayari anajua jembe ni la nini. Kusudi la jembe limetangulia jembe lenyewe. Binadamu, kwa maoni ya Sartre, hana mhunzi. Anajikuta yuko duniani kwanza, kisha anakuwa hiki au kile kutokana na anayoyachagua. Hakuna tabia ya kuzaliwa nayo inayoweza kubeba lawama badala yake. Hata anayekataa kuchagua amekwisha kuchagua, kwa kuwa kunyamaza nako ni kitendo.

Mzigo huu ni mzito, na ndiyo maana watu huukimbia. Sartre alitumia sehemu kubwa ya kitabu hicho kuchunguza ukimbiaji huo, ambao twaweza kuuita kujihadaa. Mtu hujihadaa anapojifanya kitu kisicho na hiari. Mhudumu wa mkahawa hujigeuza mhudumu mtupu katika kila mwendo wa mkono wake, kana kwamba alizaliwa na sinia. Sisi nasi tunamjua karani anayesema sheria ndizo zilizoamua, na mzazi anayesema mila ndizo zilizomwoza binti yake. Sheria na mila zipo, na zina nguvu. Lakini mkono uliotia sahihi ni wa mtu.

Mhadhara wa 1945

Vita vilipokwisha, jina la Sartre lilienea ghafla. Mnamo Oktoba 1945 jarida lake, Les Temps modernes, lilianza kutoka. Tarehe 29 ya mwezi huo alitoa mhadhara jijini Paris kujibu lawama zilizoelekezwa kwa falsafa yake. Wakomunisti walisema ni falsafa ya mabwanyenye waliokosa la kufanya. Wakatoliki walisema inaondoa maadili kwa kuwa inamwondoa Mungu. Ukumbi ulijaa hadi watu wakasukumana. Mhadhara huo ulichapishwa mwaka wa 1946, na hadi leo ndio mlango ambao wasomaji wengi huingilia.

Humo Sartre alisimulia kisa cha mwanafunzi wake mmoja aliyemjia wakati wa vita. Kaka yake alikuwa ameuawa katika mashambulizi ya Wajerumani ya 1940. Baba yake alielekea kushirikiana na adui. Mama alibaki na mwana huyo mmoja tu wa kumliwaza. Kijana alitaka kutorokea Uingereza akajiunge na majeshi ya Wafaransa huru, lakini alijua kuondoka kwake kungemvunja mama moyo. Afanye nini? Dini inamwamuru ampende jirani, lakini jirani ni nani hapa: mama au wapiganaji? Falsafa za maadili zinazungumza kwa ujumla, ilhali swali lake lilikuwa moja na mahususi. Sartre hakumpa kanuni. Alimwambia kwamba yuko huru, basi achague.

Wapo wanaoliona jibu hilo kuwa la kikatili, kwamba mwalimu alimkimbia mwanafunzi wake. Lakini tulitazame vizuri. Sartre aliona kwamba hata yule anayetafuta ushauri huwa amekwisha kuchagua mshauri, na mara nyingi huwa anajua atakachoambiwa. Kumwamulia kijana kungekuwa kumpa kisingizio cha kumtumia baadaye. Aidha, katika mhadhara huo Sartre aliongeza jambo ambalo husahauliwa: mtu anapojichagulia, anaweka mbele ya watu wote mfano wa namna binadamu anavyopaswa kuwa, na hawezi kuutaka uhuru wake kwa dhati bila kuutaka wa wengine. Uhuru katika falsafa hii haukuwa ruhusa ya kufanya lolote.

Uhuru wa Wengine

Kuanzia hapo maisha ya Sartre yalikuwa mfululizo wa kuchukua misimamo. Mwaka wa 1948 aliandika utangulizi mrefu, Orphée noir, kwa ajili ya mkusanyiko wa mashairi ya Waafrika na watu weusi wengine waandikao kwa Kifaransa uliohaririwa na Léopold Sédar Senghor. Ndani yake aliwaambia wasomaji Wazungu kwamba zamu yao ya kutazamwa imefika. Utangulizi huo uliipa harakati ya Negritudi umaarufu mkubwa, ingawa Frantz Fanon baadaye aliulalamikia kwa kuifanya Negritudi kuwa hatua ya kupita tu katika safari iliyopangwa tayari.

Si misimamo yake yote iliyokuwa sahihi. Kati ya 1952 na 1956 alisimama karibu sana na chama cha Kikomunisti. Mwaka wa 1952 aliachana kwa uchungu na rafiki yake Albert Camus, aliyekuwa amekemea mauaji yanayotendwa kwa jina la mapinduzi. Mwaka wa 1954 alirejea kutoka ziara ya Muungano wa Sovieti akiusifia uhuru uliodaiwa kuwako huko, wakati kambi za wafungwa zilikuwa zinajulikana. Mwanafalsafa wa kujihadaa alikuwa amejihadaa. Vifaru vya Kisovieti vilipoingia Budapest mnamo Novemba 1956 ndipo aliposhutumu hadharani na kuvunja ukuruba huo.

Kuhusu Algeria alisimama imara mapema. Mnamo 1960 alikuwa miongoni mwa wasomi na wasanii 121 waliotia sahihi tangazo la kutetea haki ya kukataa kubeba silaha dhidi ya Waalgeria. Walikuwapo Wafaransa waliotaka afungwe au auawe. Rais Charles de Gaulle aliamua asikamatwe. Lakini bomu lilitegwa katika jengo alimoishi mwezi Julai 1961, na jingine Januari 1962. Kati ya mabomu hayo mawili alikuwa ameandika dibaji ya kitabu cha Fanon, Les Damnés de la terre, baada ya kukutana na mwandishi huyo aliyekuwa mgonjwa mahututi. Fanon alifariki Desemba 1961. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiswahili na kuchapishwa jijini Dar es Salaam mwaka wa 1978 kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa.

Katika miaka hiyo hiyo fikra yake nayo ilibadilika. Katika Critique de la raison dialectique (1960) alikubali kwa mapana zaidi kwamba umaskini, tabaka na historia humbana mtu hata nafasi yake ya kuchagua ikawa nyembamba mno. Hata hivyo hakuifuta kabisa. Kwa Sartre wa miaka ya baadaye, uhuru ni kile kidogo ambacho mtu anakifanya kutokana na kile alichofanywa. Mabadiliko haya ni muhimu kwetu, maana yanajibu lawama kwamba udhanaishi ni falsafa ya mtu aliyeshiba.

Kukataa Tuzo na Siku za Mwisho

Mnamo Oktoba 1964 Sartre alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Aliikataa. Mwaka wa 1945 alikuwa amekataa pia nishani ya heshima ya taifa lake. Alieleza kwamba mwandishi hapaswi kukubali kugeuzwa taasisi, kwa sababu msomaji huanza kulisoma jina badala ya kusoma maandishi. Alikiri kwamba fedha zilimtia majaribuni, kwani angeweza kuzitoa kwa kamati iliyokuwa London ya kupinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Hata hivyo aliona kwamba kuchukua tuzo kwa sababu njema kungebaki kuwa kuichukua.

Miaka ya mwisho ilikuwa ya maradhi. Kwa muda mrefu alikuwa ameutesa mwili wake kwa tumbaku, pombe na dawa za kuongeza nguvu ili aandike usiku na mchana. Mwaka wa 1973 jicho lake la kushoto, lililokuwa tegemeo lake, lilidhoofika hata hakuweza tena kusoma wala kuandika. Mtoto wa maktaba akawa mzee wa kusomewa. Alifariki Paris tarehe 15 Aprili 1980. Katika mazishi yake watu wapatao 50,000 walijaa barabarani. De Beauvoir alifariki tarehe 14 Aprili 1986, na wanalala kaburi moja katika makaburi ya Montparnasse.

Hitimisho

Maisha haya yanatudai nini sisi wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili? Kwanza, yanatudai tuache kuutumia udhanaishi kama jina jingine la huzuni. Kazimoto wa Kichwamaji na Rosa wa Rosa Mistika wanajitoa uhai, na ni rahisi kuandika katika insha ya mtihani kwamba basi mwandishi anaonyesha maisha hayana maana. Mhakiki aliyemwelewa Sartre atauliza zaidi. Zakaria, babaye Rosa, alichagua nini alipomlea bintiye kwa kipigo? Waliomtumia Rosa walijificha nyuma ya kisingizio gani? Rosa mwenyewe alibakiwa na nafasi gani ya kuchagua, na ni nani aliyeipunguza? Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, aliichukulia vipi elimu yake: kama wito au kama kiti cha mtazamaji? Maswali kama hayo hurejesha uzito wa matendo ya wahusika, na humfanya msomaji naye ajione anaulizwa.

Pili, yanatufundisha kwamba nadharia haimkingi mtu na makosa. Aliyeandika kurasa mia kadhaa kuhusu uhuru aliwahi kuufumbia macho utumwa wa wengine, na aliyetaka pendo lisilo na uongo aliwaacha watu wakiwa wamejeruhiwa. Lakini kipimo cha kumhukumia tunacho kwa sehemu kubwa kutoka kwake mwenyewe. Alitukataza kukubali kisingizio chochote, chake kikiwemo. Ndiyo maana inatupasa kumsoma bila kumwabudu, kisha kuzirudia riwaya zetu tukiwa tayari kuwauliza wahusika, na kujiuliza sisi wenyewe, ni lipi tulilochagua na ni nani aliyelipia.